Msitupe Neno Moja

Barua ya wazi kwa Katibu Mtendaji na wanaistilahi wa Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA)

Nakala: Baraza la Kiswahili la Zanzibar (BAKIZA); Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki

YAH: MAJINA YA VITENDO VYA KUONYESHA KAZI ZA TOVUTI NYINGINE BILA RUHUSA

Ndugu Katibu Mtendaji, na ndugu zangu mnaoshughulika na istilahi,

Mimi ni mhariri msanifu katika chumba cha habari cha mtandaoni, mtu wa kunyoosha vichwa vya habari na kubishana na waandishi kuhusu koma. Naandika kuomba istilahi. Ningeweza kuleta barua ya kawaida, mkaipokea, mkaigonga muhuri, ikaingia kwenye jalada. Lakini wanaoyahitaji maneno haya ni wengi, na baadhi yao hawajajua kwamba wanayahitaji, ndiyo maana nimeona niseme hadharani.

Kuna jambo linalofanyika kila siku kwenye tovuti za Kiswahili: kuonyesha kazi ya tovuti nyingine bila ruhusa ya mwenyewe. Hakuna asiyelijua. Ukiuliza linaitwaje, kila mtu ana lake. Mwandishi atakwambia "tumeitoa mtandaoni". Kijana anayeendesha ukurasa atasema "nimesheya tu". Mwanafunzi wa chuo atacheka na kusema "wamedesa". Mwenye kazi, naye kashapandisha hasira, atasema "wameniibia". Wakili atasema "ukiukaji wa hakimiliki", na akishasema hivyo bado hujajua hasa mtu yule alifanya nini.

Kwa miaka mingi hilo halikutusumbua. Yaliyokuwa ya kisheria yaliandikwa kwa Kiingereza, nasi tukabaki na manung'uniko yetu. Mwaka 2021 marekebisho ya sheria yalifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama hapa Tanzania. Maana yake ni kwamba ipo siku, kama haijafika, hakimu atakaa na kalamu aandike kwa Kiswahili kwamba mdaiwa alifanya jambo fulani kwenye kompyuta, na jambo hilo litapaswa kuwa na jina. Akiandika "alichukua", wakili wa upande wa pili atasimama aulize: alichukua nini, mheshimiwa, wakati kitu bado kipo palepale kilipokuwa?

Niruhusuni nianze na neno tulilonalo tayari, kwa sababu ndilo lililotufikisha hapa. Neno hilo ni hisani.

"Picha kwa hisani ya mtandao." Mmeliona hili. Lipo chini ya picha za ajali, za mafuriko, za wachezaji, za maharusi. Hisani ni wema anaoutenda mtu kwa hiari yake, akijua anamtendea nani. Mtandao haujawahi kumfanyia mtu hisani. Kuna wanaoandika "Picha: Google", kana kwamba Google ndiyo iliyokuwa imesimama Kariakoo siku ile na kamera shingoni. Mpiga picha aliyeloa mvua hatajwi popote, na hata akitajwa, hajaulizwa.

Maneno hayo hayakuanza kwa nia mbaya. Enzi za magazeti ya karatasi, picha ilifika kwenye dawati ikiwa ndani ya bahasha, imetumwa na Idara ya Habari (MAELEZO), ubalozi au shirika fulani ili ichapishwe. Gazeti liliandika "kwa hisani ya" kwa kuwa kweli kulikuwa na aliyetoa na aliyepokea. Bahasha zimekwisha, shukrani zimebaki, na sasa tunamshukuru mtu kwa alichokuwa hajatupa. Ukimbana mhariri kijana atakujibu kwa dhati kabisa: "Lakini tumeweka chanzo!" Anaamini kutaja chanzo ni sawa na kuruhusiwa. Simlaumu sana. Tumemlea na neno linalomfundisha hivyo.

Suala hilihili lilifika katika Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya. Mwanafunzi mmoja nchini Ujerumani, akiandaa kazi ya somo la Kihispania, alipakua picha ya mji wa Córdoba kutoka tovuti ya masuala ya safari. Mpiga picha alikuwa ameiruhusu tovuti hiyo tu. Mwanafunzi aliitaja tovuti aliyoipata picha, kama mwalimu yeyote angemtaka afanye, na shule ikaipandisha kazi hiyo kwenye tovuti yake. Picha ilikuwa wazi mtandaoni, haina kufuli, na chanzo kimetajwa. Mwezi Agosti 2018 mahakama ikasema ruhusa ya mpiga picha bado ilihitajika, kwa kuwa kuipakia upya kwenye seva nyingine ni kuipeleka kwa hadhira mpya ambayo mwenyewe hakuikusudia. Ingekuwa ni Kiswahili chetu, chini ya picha ile kungeandikwa "kwa hisani", na kila mtu angelala usingizi.

Sasa niwaonyesheni kwa karibu ninachokiona kazini. Tulichapisha makala kuhusu akina mama wanaolima mwani Paje, Zanzibar, ikiwa na picha za kamba na vigingi maji yakiwa yamekupwa. Muda si mrefu makala ikaonekana kwingine, mahali patatu tofauti. Kwa macho ya msomaji, sehemu zote tatu zilikuwa zimefanya jambo moja. Nilipozichungulia kwa ndani nikakuta vitendo vitatu visivyofanana hata kidogo.

Tovuti ya kwanza ilikuwa na makala yetu yote, neno kwa neno, pamoja na kosa la chapa ambalo sisi tulikuwa tumeshalirekebisha. Katikati ya aya kulikuwa na mstari usemao "Soma pia", ukifuatiwa na kichwa cha makala yetu nyingine ambayo kwao haipo. Palikuwa na sentensi inayomtaka msomaji atazame picha hapo juu, na hapo juu hapakuwa na picha. Binadamu aliyeisoma angeyafuta hayo. Hii ilikuwa kazi ya programu inayozunguka usiku na mchana, ikifungua kurasa za watu na kukomba maandishi yote, bila mtu kuketi na kusoma.

Tovuti ya pili ilikuwa imeandika maneno yake yenyewe, mazuri tu, lakini picha zilikuwa zetu. Nilipoifungua picha peke yake, anwani iliyotokea juu ya kivinjari ilikuwa ya seva yetu. Hawakuwa wameinakili. Ukurasa wao ulikuwa unakiagiza kivinjari cha msomaji kije kwetu kuchukua picha, kisha kiionyeshe kwao. Kila anayefungua ukurasa ule, gharama ya kuisafirisha picha inaandikwa kwenye bili yetu. Fundi wetu wa mitambo akaibadilisha picha ile kwenye seva, jina la faili likabaki lilelile, na ghafla ukurasa wao ukaanza kuonyesha tangazo letu la kutafuta mwandishi wa michezo. Tulicheka sana. Lilikaa siku mbili.

Ya tatu ilikuwa programu ya simu ya kusomea habari. Haikuwa na maandishi yetu wala picha yetu kwenye mitambo yake. Ilifungua ukurasa wetu halisi, wote, ndani ya dirisha lake, juu kukiwa na nembo yake na chini tangazo lake linalolipa. Aliyesoma alihesabika kwetu pia, ila aliamini yuko kwao, na fedha ya tangazo la chini ikaenda kwao.

Wa kwanza ana nakala. Wa pili hana nakala, ila anatumia seva yangu. Wa tatu hana nakala na seva anayoitumia ni ileile ambayo msomaji angeitumia hata hivyo, ila amejiweka mlangoni kwangu. Dawa ya kila mmoja ni tofauti, hasara ni tofauti, na hatia, kama ipo, haiwezi kuwa moja. Nikiwaandikia wote watatu barua inayosema "mmetumia maudhui yetu", nitakuwa sijawaambia kitu, na wawili kati yao watanijibu kwamba hawana faili langu hata moja. Watakuwa wanasema kweli.

Ndiyo maana ombi langu ni hili: msitupe neno moja. Mkikaa kwenye kikao mkatoa istilahi ya jumla, kitu kama "uonyeshaji haramu wa maudhui", itakuwa ndefu, itaonekana ya maana kwenye kitabu, na haitamsaidia yeyote.

Wenzetu walijifunza hili kwa taabu. Mwaka 1996 gazeti la Shetland Times, huko visiwani kaskazini mwa Scotland, lilimshtaki jirani yake wa mtandaoni, Shetland News, kwa kuweka vichwa vya habari vya gazeti hilo kama viungo vinavyompeleka msomaji moja kwa moja kwenye makala na kuuruka ukurasa wa mbele. Mahakama ilitoa zuio la muda, na mwaka uliofuata pande mbili zikapatana: viungo vinaruhusiwa, ila kila kimoja kiandikwe kwamba habari ni ya Shetland Times. Mwaka huohuo wa 1997 Washington Post, CNN, Reuters na wengine walikwenda mahakamani New York dhidi ya TotalNews, tovuti iliyokuwa ikizifungua kurasa zao ndani ya dirisha lake huku matangazo yake yakining'inia pembeni. Nao walipatana. TotalNews ingeweza kuweka viungo, lakini iachane na kuzizungushia fremu kurasa za watu.

Kwa nje kesi hizo mbili zinafanana. Mapatano yakaonyesha tofauti: kiungo kikabaki, fremu ikaondoka. Baadaye mahakama za Ulaya zikaendelea kupambanua. Mwaka 2014, katika kesi ya waandishi wa Sweden, zilisema kuweka kiungo cha kazi iliyo wazi kwa wote hakuhitaji ruhusa. Mwaka huohuo zikasema hata kuifungua ndani ya fremu, kama mwenyewe ameiacha wazi, si kosa kwa hilo tu. Kisha Machi 2021 zikaongeza kwamba mwenye kazi akiwa ameweka kizuizi cha kiufundi dhidi ya fremu, anayekikwepa anahitaji idhini.

Marekani walikwama hasa kwenye kitenzi "kuonyesha", nami naomba mlitazame hili kwa makini kwa sababu ni mtego unaotusubiri. Mwaka 2007, katika kesi ya Perfect 10 dhidi ya Amazon na Google, mahakama ya rufaa ya huko magharibi ilisema kwamba kisheria anayeionyesha picha ni yule ambaye seva yake inaihifadhi. Anayetoa maelekezo tu kwa kivinjari haonyeshi. Mwaka 2018 jaji mmoja wa New York aliikataa hoja hiyo katika kesi ya picha iliyopachikwa kutoka Twitter: picha imeonekana kwenye ukurasa wako, basi wewe ndiye uliyeionyesha. Kitenzi kimoja, majibu mawili. Tukisimika istilahi yetu yote juu ya "kuonyesha", tutakuwa tumejinunulia ugomvi wa watu wengine kwa bei kamili.

Mapendekezo yangu basi. Sikuyatunga; nimeyaokota mitaani, ambako kazi nusu imeshafanyika.

Kwa kile cha programu inayokomba kurasa, naomba *kukwangua*, nomino *ukwanguaji*. Kila aliyewahi kununua vocha ya simu analijua tendo hilo, na kila aliyekula ukoko pia. Linabeba ile hali ya kupitisha ukucha juu ya kitu mpaka kibaki kitupu, bila kuchagua. Tunalihitaji haraka kuliko yote, kwa kuwa sasa kurasa zinakwanguliwa si ili zichapishwe tena bali zilishwe kwenye mashine zinazojifunza kuandika. New York Times iliishtaki OpenAI pamoja na Microsoft kwa hilo mwishoni mwa 2023. Tangu 1994 kumekuwa na faili dogo ambalo mwenye tovuti huliweka mlangoni kuwaambia roboti wapi wasipite. Ni ombi tu, halina nguvu ya kuzuia, lakini hata ombi hilo huwezi kulieleza kwenye masharti ya matumizi ya tovuti ya Kiswahili kama huna kitenzi. Nimeziona tovuti zetu kadhaa ambazo habari zake zote ni za Kiswahili na masharti yake yote ni ya Kiingereza. Moja ilikuwa imenakili masharti hayo kutoka tovuti ya kigeni, kifungu cha kukataza kunakili kikiwamo, na jina la kampuni ya kigeni halijaondolewa.

Kwa kile cha kuita picha kutoka seva ya mtu, naomba *kudandia*. Anayedandia lori hajalichukua lori. Amepanda tu, na mafuta yanalipwa na mwingine. Sidhani kama kuna lugha iliyokipatia kitendo hiki jina la kufaa hivyo, na sisi tulikuwa nalo kabla intaneti haijaja.

Kwa kile cha dirisha, *kutia fremu* linatosha. Mafundi wanasema hivyo tayari, na msikilizaji wa Dar es Salaam anayejua kwamba fremu ni chumba cha duka hatahangaika kuelewa kwamba mtu amepanga bidhaa za mwenzake kwenye fremu yake. Mombasa huenda wasiione picha hiyo ya duka, lakini dirisha wataliona.

Kwa kile cha shule ya Ujerumani, yaani kupakua na kupandisha upya mahali pengine, tunayo *kunakili* na *kupakia*. Waliotangulia ofisini kwenu walifanya kazi nzuri hapo. Ninachoomba ni ufafanuzi rasmi wa *kupakia upya* kama tendo lenye kusimama lenyewe, ili lisifichwe ndani ya "kusheya".

Kuna mawili ambayo naomba yasiguswe. *Kiungo* kiachwe kiwe kitu chema. Anayeweka kiungo ananiletea msomaji mlangoni, na simjui mhariri mwenye akili timamu anayelalamikia hilo. *Kunukuu* nako kuachwe, kwani Mkataba wa Berne wa hakimiliki wenyewe unaruhusu kunukuu kwa kiasi kinachostahili na kwa kutaja chanzo. Mkataba huohuo hauzipi ulinzi habari za siku zikiwa taarifa tupu. Kwamba daraja limevunjika ni la kila mtu. Jinsi mwandishi wetu alivyolisimulia daraja hilo ni lake. Nalisema hili kwa sababu kuna wamiliki wa vyombo, wakubwa kuliko mimi, ambao wakishapata neno kali watataka kulitumia kumzuia kila mtu asitaje kilichotokea.

Ndiyo maana pia siombi *wizi*. Najua linapendwa, nimelisikia kwenye mikutano yetu, limepokelewa kwa makofi. Lakini hakimu wa jinai atauliza mali iliyoondolewa iko wapi, na kesi itakufa hapo. Ubaya zaidi, ni neno la kupigia kelele. Kijana aliyepakia upya picha moja kwa kutojua anaitwa jina lilelile na kampuni inayokwangua maelfu ya kurasa kwa siku, na kwa kuwa kijana ndiye anayefikika, ndiye atakayeumia. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalo lake la kusema juu ya wote wawili, bila kulihitaji neno hilo.

Najua mtakachoniambia: istilahi hazishiki kwa kutangazwa. Kweli. *Ngamizi* ilitangazwa, na kompyuta ikabaki kompyuta. Lakini *kishikwambi* kilishika, na nina dhana yangu ya kwa nini. Kwenye Sensa ya Agosti 2022 makarani walipita nyumba kwa nyumba wakiwa nacho mkononi, redio zikakitaja asubuhi na jioni, na baadaye vikagawiwa kwa walimu. Neno lilisafiri pamoja na kitu chenyewe, likiwa limeandikwa kwenye fomu ya serikali. Hakuna aliyelazimika kulipenda kwanza.

Kwa hiyo pamoja na kuyapitisha kikaoni, au kuyakataa na kutupa yaliyo bora, naomba ofisi yenu izungumze na Ofisi ya Hakimiliki, na BAKIZA wazungumze na wenzao wa COSOZA, ofisi ya hakimiliki ya Zanzibar, ili fomu ya malalamiko iwe na sehemu ya kutia alama: kazi yangu imekwanguliwa, imedandiwa, imetiwa fremu, imepakiwa upya. Mlalamikaji atalazimika kutazama kilichotokea kabla hajaandika. Kenya walishaweka utaratibu wa notisi za kuondoa kazi mtandaoni katika marekebisho ya sheria yao ya hakimiliki ya 2019, na wapo wahariri wa Kiswahili Nairobi ambao wangezipokea fomu kama hizo kwa mikono miwili. Kamisheni ndiyo yenye njia ya kuzivusha mpaka.

Na hisani? Siombi ifutwe, ni neno zuri. Naomba mwongozo mfupi kwa vyombo vya habari, ukurasa mmoja tu, kwamba "kwa hisani ya" iandikwe pale ambapo kuna mtu aliyeombwa akakubali, na jina lake lifuate. Kwingine kote iandikwe "chanzo", na mhariri ajue kwamba hapo bado hajapata ruhusa.

Nakala ya barua hii nitaileta ofisini kwenu, pamoja na kurasa zilizochapwa za mifano ile mitatu, majina ya tovuti yakiwa yamefichwa.

Wenu katika kazi,

Mhariri msanifu,
Dar es Salaam